Zana na Dhamira

Mhunzi wa Nchelenge, ukingoni mwa Ziwa Mweru, achaguapo nyundo, tupa na koleo za kuundia gobori nyumbani, je, huchagua zana tu? Bunduki zilienea pande hizi katika karne ya 19 pamoja na biashara ya pembe za ndovu. Tippu Tip alimshinda Nsama, mtawala wa Watabwa, mwaka 1867. Leo sheria ya Zambia yakataza kuunda silaha bila ya kibali, lakini magobori ya kienyeji hayajatoweka.

Wapo wasemao kwamba chuma hakina dhambi, mwenye kosa ni afyatuaye. Hatukubali moja kwa moja. Fuawe lilelile huzaa jembe na mtutu. Lakini jembe hulisha, na mtutu huua, pengine ukampasukia mwenyewe. Njaa ya mwindaji ni hoja nzito, wala hatuidharau; hata hivyo, haimfutii mhunzi wajibu wa kujua anamfulia nani, na kwa kazi gani.

Basi, walimu wenzetu, tumfundishapo kijana kushika tupa, tumfundishe pia kuuliza: kazi hii itaishia mkononi mwa nani?