Unga wa Gilgali

Mikate ile ilifukuliwa na mbwa wa jirani. Ilikuwa minne, imezikwa karibu na mpapai nyuma ya nyumba, migumu kiasi kwamba mbwa mwenyewe aliing'ata kidogo akaiacha. Aliyeiona ni mama yangu, ambaye nyumba nzima inamwita Bibi, alipotoka alfajiri kuwafungulia kuku. Aliokota mmoja, akaufuta udongo kwa pindo la khanga, akaja nao sebuleni akauweka mezani bila kusema neno. Nilipomtazama usoni nikaona analia.

Vijana wetu hawawezi kuelewa kirahisi kwa nini mtu mzima alie kwa ajili ya mkate uliozikwa. Bibi alitulea Iramba. Mwaka wa njaa wa 1974 anausimulia mpaka leo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja jina la marehemu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mimi mwenyewe nilisimama naye kwenye foleni ya unga wa mahindi ya njano, ule tuliouita yanga, na nakumbuka alivyokuwa akikung'uta mfuko juu ya ungo hata chembe ya mwisho. Kwake chakula hakitupwi. Kikilala kinapashwa moto, kikichacha wanapewa kuku. Kukizika kama mzoga ni jambo ambalo hana hata jina lake.

Lakini habari hii ilianza siku mbili kabla ya mbwa yule.

Jumuiya ilikuwa ikutane kwetu Alhamisi jioni. Tulikuwa tumenunua kilo 5 za unga wa ngano na trei ya mayai kwa ajili ya maandazi na chapati za wageni. Alhamisi asubuhi mke wangu akakuta unga umepungua karibu nusu na mayai tisa hayapo. Nikawakusanya wote jikoni nikauliza, "Ni nani?" Nataka niwe mkweli kwenu, maana kitabu hiki kinasomwa na watu wanaoniona kila Jumapili nikipita na kikapu cha sadaka: kabla sijamaliza kuuliza, macho yangu yalikuwa yameshafika kwa dada anayetusaidia kazi za nyumbani. Si kwa mke wangu, si kwa Bibi, si kwa kijana wetu wa miaka 15 aliyesimama mlangoni na begi la shule. Dada akasema, "Si mimi, baba." Nikamjibu kwamba nitakata kwenye mshahara wake. Kijana alisikia. Akatoka, akaenda shule.

Jumamosi, mkate ulipokuwa mezani na Bibi analia, kijana alisema yote.

Alikuwa anajifunza kuoka. Hilo tulilijua, na mwanzoni tulifurahi. Bibi alikuwa akimtania, "Mume wangu nitamla mpaka nitapike." Alijifunza kuoka keki kwa jiko la mkaa, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, kama wanavyooka mama zetu wengi wasio na jiko la umeme. Keki yake ya kwanza aliitoa kabla haijashika katikati, ikadidimia. Ya pili iliungua chini. Nami, mbele ya wageni wawili waliokuwa wamekuja kutusalimu, nikatoa hotuba juu ya bei ya sukari. Wageni walicheka. Kijana alicheka pia. Nilidhani jambo limekwisha kwa kicheko, kumbe siku ile nilimfundisha kwamba kilichoharibika kifichwe.

Kwa hiyo usiku wa Jumatano, sisi tukiwa tumelala, alijaribu mikate. Hamira aliikoroga kwenye maji ya moto kama ya chai, kwa kudhani moto ukizidi mkate utawahi kuumuka. Hamira ni kitu chenye uhai. Maji ya uvuguvugu huiamsha, ikaanza kula sukari na kutoa hewa inayouinua unga. Maji ya moto sana huiua. Unga haukuumuka. Akaongeza unga, akaongeza mayai, akakanda upya, akaoka hivyo hivyo akitumaini. Saa tisa usiku alikuwa anachimba shimo chini ya mpapai.

Sasa swali langu. Katika nyumba isiyo na vingi, na katika mtaa ambamo tunajua kwa majina watu waliolala bila kula, je, ni haki kumwachia kijana aharibu chakula ili ajifunze? Nililibeba swali hilo kwa siku nyingi, nikidhani ndilo lililo zito kuliko mengine yote. Nilipima hasara: unga, mayai, mkaa. Ilinichukua muda kuona kwamba hasara niliyoifanya mimi jikoni Alhamisi asubuhi sikuwa nimeiweka kwenye mizani kabisa.

Kuna habari fupi katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4, ambayo kwa miaka mingi nimekuwa nikiipita haraka ili nifike kwa Naamani. Nchi ina njaa. Elisha yuko Gilgali pamoja na wana wa manabii, na anamwagiza mtumishi wake ateleke sufuria kubwa awapikie. Mmoja wao anakwenda kondeni kutafuta mboga, anakuta mtango mwitu, anachuma matunda yake na kujaza nguo yake, anarudi na kuyakatakata humo sufuriani. Mwandishi anasema wazi kwamba hawakujua ni kitu gani. Watu wakionja wanapiga kelele kwamba chakula kitawaua.

Fikirini hali ile. Ni njaa, si karamu. Sufuria ni moja, ya wote. Mtu mmoja kwa kujaribu kitu asichokijua ameharibu mlo wa jamaa nzima, tena angeweza kuwaua. Kama kuna mahali ambapo mkubwa wa nyumba angekuwa na haki ya kusimama na kuuliza "Ni nani?", ni pale. Lakini Elisha haulizi. Anaomba unga. Unaletwa, anautupia sufuriani, anaagiza watu wapakuliwe wale, na hakuna tena baya ndani yake.

Mambo mawili hapo yalinishika. La kwanza ni kwamba hakumwaga sufuria. Bibi nilipomsomea alilipokea hilo kwa furaha kubwa, akasema nabii yule alilelewa vizuri. La pili ni gumu zaidi: ili kukiokoa chakula kilichoharibika, ilibidi unga mwingine utoke, wakati wa njaa, kutoka kwenye akiba ambayo bila shaka ilikuwa ndogo. Kosa la yule kijana wa matango lilizidisha gharama, na gharama ile ililipwa bila yeye kutajwa jina. Mpaka leo hatumjui.

Mzee mwenzangu wa kanisa nilipomweleza haya alinipinga. Alisema hata Mungu aliuliza, pale bustanini, kama Adamu amekula tunda alilokatazwa. Nyumba ambamo hakuna anayeuliza nani amefanya nini itakuwa pango la wezi. Pingamizi lake nimelichukua kwa uzito, na sehemu yake nalikubali. Lakini bustanini aliyeulizwa alikuwa ndiye aliyekula, naye alipewa nafasi ya kujibu. Na tuangalie alivyojibu: alimsukumia mke wake. Ndivyo swali hilo linavyofanya kazi likitangulia mbele ya mengine. Mwenye kosa anatafuta mtu wa kumsimamisha mbele yake. Mimi nilimrahisishia kijana wangu, nikamtafutia mtu huyo mwenyewe. Nilimchagua yule ambaye hakuwa na ndugu jikoni mle wa kumtetea. Kama kungekuwa na Elisha wa namna yangu Gilgali, angemkata mshahara mtumishi aliyeteleka sufuria.

Nilidhani habari ile ingemfariji kijana. Nilimsomea jioni moja tukiwa wawili. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Yule hakujua, Baba. Mimi nilijua ni mimi, na nilimsikia dada."

Sikuwa na la kuongeza. Alikuwa ameigawa kesi yake kuliko nilivyoigawa mimi. Mikate haikuwa dhambi yake. Unga ulikuwa wa wageni na aliuchukua bila ruhusa, hilo ni kosa na alilijua. Ila lililomnyima usingizi ni ile hatua ya kutoka mlangoni na begi lake wakati mwingine anabebeshwa.

Tulikwenda kwa dada sote wawili, siku ile ile ya Jumamosi. Nilimwomba radhi mbele ya mke wangu na mbele ya Bibi, maana nilikuwa nimemshtaki mbele yao. Mshahara wake haukuguswa. Kijana alipiga magoti. Dada alisema, "Nimesamehe," kwa adabu, macho yakiwa chini, kama mtu anayejibu salamu. Mwisho wa mwezi aliaga, akasema mama yake anamhitaji kwao, upande wa Kiomboi. Inawezekana ilikuwa kweli. Bibi, ambaye ndiye aliyemleta kwetu kutoka kwa watu wake, hakusema naye lolote nikasikia, lakini kwa wiki nzima hakunitania.

Likabaki suala la unga. Mke wangu alisema uokaji usimame mpaka kijana amalize kidato cha nne. Bibi alisema usimame milele. Mimi nilisema apewe kilo 1 kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nikaulizwa kwa sauti mbili kama akili zangu ni timamu.

Hoja yangu ilikuwa hii, na bado naishikilia ingawa si wote wanaoikubali. Tunaita ubadhirifu kile kinachopotea bila mtu kukihitaji wala kukijutia. Sherehe zetu, tuseme ukweli, humwaga wali mwingi kuliko kijana huyu atakaouharibu mpaka awe na mvi, na hakuna anayelia. Katika mnada baada ya ibada nimeona keki moja ikipanda bei mara sita ya thamani yake, tukapiga makofi. Kilichotumika katika kujifunza kina jina jingine. Ni ada, kama ada ya shule, na ada hailipwi na asiyenacho peke yake wala haifichwi. Ndipo masharti yakaja. Kuoka kufanyike mchana, watu wakiona. Kitakachoharibika kiliwe, na kisicholika apewe kuku, naye mwenyewe awapelekee. Na kipimo kikiisha, kimeisha.

Bibi ndiye aliyebadilika kuliko wote, ingawa kwa njia yake. Jumamosi ya kwanza alikaa kwenye kigoda mlangoni kama askari. Alipomwona kijana akimimina maji ya moto kwenye bakuli la hamira alishindwa kuvumilia. "Wewe, unapika togwa kwa maji yanayochemka?" Akamweleza kwamba uji wa togwa unaachwa mpaka uvumilike kwa kidole, ndipo kimea kinatiwa, ukiharakisha, togwa haikubali. Akachovya kidole chake kwenye maji, akasubiri, akachovya tena, akasema sasa. Unga uliumuka mpaka ukasukuma kitambaa.

Tangu hapo kijana ana daftari. Ameandika humo kwamba mafuta ya alizeti, ambayo hapa Singida hatuyakosi, yanafaa kwenye keki badala ya siagi ila yapungue kidogo. Amejaribu kuchanganya unga wa muhogo ili ngano idumu. Robo ya muhogo kwa robo tatu za ngano inakwenda, nusu kwa nusu inatoa tofali, kwa sababu muhogo hauna ule mnato wa ngano unaoishika hewa isitoroke. Tofali lile tulilila, kwa chai, siku mbili. Bibi alikula kipande chake chote na kusema ni afadhali kuliko yanga.

Mwezi uliopita alioka skonzi kumi na mbili zenye iliki. Sita alizitia kwenye hotpoti ndogo, akaniomba nauli ya kifurushi, akampa kondakta wa basi la Kiomboi ampelekee dada. Hakuandika barua. Nilimuuliza kama hakuwa na la kumwambia, akasema alishasema.

Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Kikirudi huwa na chochote kidogo ndani, hata mayai mawili. Kila basi lile linapopita kijana anatoka mpaka barabarani, halafu anarudi kufunika mkaa wake. Hotpoti haijarudi bado.