Heshima kwa Baba, Ukweli Mbele za Mungu

Soma Kutoka 20:12, 16, 2 Samweli 1:17-27, 21:1-3, Hesabu 27:1-11.

Mzee wa mji anapofariki katika vijiji vyetu vya Kiabakari, Butiama na Bunda, kuna kazi ambayo watoto huifanya usiku, kwa haraka, huku watu wakiendelea kufika msibani: kuandika historia ya marehemu. Wanaandika mwaka wa kuzaliwa, ubatizo, ndoa, idadi ya wajukuu, mashamba ya mihogo na pamba aliyoyafyeka, na ng'ombe aliowauza ili mtoto aende sekondari. Kisha kalamu inasimama. Yupo binti aliyelima mashamba hayo miaka yote na hakuachiwa hata robo eka. Yupo jirani ambaye mpaka wake ulisogezwa. Yupo mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, amekaa pembeni ya turubai, akisubiri kusikia kama jina lake litasomwa.

Amri ya tano inatuagiza kuwaheshimu wazazi. Amri ya tisa inakataza ushuhuda wa uongo. Zote mbili ziliandikwa na Mungu yule yule. *Je, mtoto azishikeje zote mbili anapoandika juu ya baba yake?*

Tuanze na yale tunayoamini kuhusu mauti. Mhubiri 9:5, 6 yatufundisha kwamba aliyekufa hana habari tena ya yanayotendeka chini ya jua. Amelala, akingoja sauti ya Mwokozi. Basi historia ile inayosomwa kaburini haimfikii yeye. Sifa zetu hazimwongezei kitu, wala lawama zetu hazimpunguzii. Hukumu yake iko kwa Mungu. Wanaosikia ni walio hai. Kwa hiyo swali la kupima si, "Baba angejisikiaje?" bali, "Maneno haya, au ukimya huu, unamfanyia nini mtu aliye hai?"

Angalia mfano wa Daudi. Sauli alimwinda kwa miaka, lakini alipokufa, Daudi alimlilia kwa maombolezo yaliyojaa sifa, wala hakutaja mkuki hata mara moja. Je, huo ulikuwa uongo? Hapana. Kosa lile lilikuwa limetendwa dhidi ya Daudi mwenyewe, naye alikuwa na haki ya kulisamehe na kulinyamazia. Lakini katika 2 Samweli 21 tunakuta kosa jingine la Sauli, la kuwaua Wagibeoni walioishi kwa kiapo cha Israeli. Hilo halikufutwa na maombolezo mazuri. Njaa ya miaka mitatu iliipata nchi, na Daudi akalazimika kuwauliza waliodhulumiwa awafanyie nini. Hapa tunapata kanuni: waweza kulinyamazia kosa ulilotendewa wewe, huna ruhusa ya kulinyamazia kosa alilotendewa mwingine, ambalo bado linamuumiza.

Sasa wasikilize mabinti watano wa Selofehadi. Walisimama mbele ya Musa na mkutano wote wakamtaja baba yao. Walisema wazi kwamba hakuwamo katika uasi wa Kora. Hawakukubali aongezewe hatia isiyo yake. Walisema pia kwamba alikufa kwa dhambi yake mwenyewe, hawakumfanya malaika. Kisha wakaomba jina lake lisipotee katika ukoo, na wao wapewe urithi wa ardhi. Bwana akasema wana haki. Ukweli na heshima vilitoka katika kinywa kimoja, na tunda lake likawa shamba kwa mabinti. Nchi yetu nayo, katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inatambua haki ya mwanamke kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Inakuwaje basi ukoo wa waumini usome sifa za baba juu ya shamba lile lile ambalo binti amenyimwa?

Lakini heri baba asiyewaachia watoto mzigo huo. Butiama, jirani zetu, ndiko alikozikwa Mwalimu Julius Nyerere, tarehe 23 Oktoba 1999, nyumbani kwao. Alipoacha urais mwaka 1985 alirudi kijijini akalima. Mwaka mmoja kabla ya kung'atuka, katika mahojiano, alisema kwamba kama angeanza upya kuna mambo asingeyarudia, likiwamo la kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na wakulima wa pamba wa kanda yetu wanajua lilikuwa jambo zito. Je, kwa kusema hivyo heshima yake ilipungua? Tunamwita Mwalimu hadi leo. Mzee anayesema kosa lake angali hai huwapa watoto wake ruhusa ya kumsifu bila kujikwaa.

Tahadhari moja inahitajika. Hamu alipouona utupu wa Nuhu alitoka nje akasema. Ndugu zake walikwenda kinyumenyume wakamfunika (Mwanzo 9:20-23). Dhambi iliyotubiwa na kutengenezwa haina sababu ya kufukuliwa mbele ya waombolezaji. Na si kila ukweli mahali pake ni kaburini. Mwingine mahali pake ni kikao cha ukoo baada ya matanga. Ila kikao hicho kifanyike kweli. Mpaka urudishwe. Jina la mtoto yule liandikwe kati ya watoto. Ukimya wa kaburini ukifuatwa na haki ni staha. Usipofuatwa na lolote ni ushuhuda wa uongo.

Asubuhi ya ufufuo baba ataamka, na majirani zake wataamka. Tuishi na tuandike kwa namna ambayo siku hiyo hatutaona haya kutazamana.

Maswali ya kujadili

1. Katika ukoo wako, ni nani ambaye ukimya juu ya marehemu unamnyima haki? Hatua ya kwanza ni ipi?

2. Wazee wa kanisa wafanye nini wanapoletewa historia ya marehemu wanayojua si ya kweli?

3. Kama ingekuwa historia yako, ni jambo gani ungependa kulitengeneza kabla halijaandikwa?