Taa Niliyoizima

Wiki mbili zilizopita jamaa mmoja wa ofisini alikuja kuliangalia gari langu, maana nataka kuliuza. Akalizunguka, akapiga tairi teke, akafungua boneti, akakaa kwenye usukani na kuwasha. Akaitazama dashibodi.

"Taa ya injini haiwaki, eh?"

"Haiwaki," nikamjibu.

Ni kweli, haiwaki. Haiwaki kwa sababu niliizima mwenyewe, kwa laptopu, nikiwa nimekaa kwenye kiti kile kile. Tangu siku hiyo najiuliza kama nilimdanganya, na naomba nieleze ilivyokuwa, kwa sababu mambo hayakuanza kwa nia mbaya.

Gari ni Subaru Forester ya turbo, ya mwaka 2011, iliyotembea Japani kabla ya kushushwa bandarini Dar. Kontroli boksi yake ilipangwa kwa kutegemea petroli ya Kijapani ya oktani ya juu, inayokaribia 100. Ninayojaza mimi hapa ni ya chini ya hapo. Petroli ya oktani ndogo hulipuka yenyewe ndani ya silinda kabla ya wakati wake. Injini inagonga, na ikigonga sana inaweza kuvunja pistoni. Sensa ikisikia, kompyuta inachelewesha cheche ili kuiokoa injini, na gari linakuwa zito kama limebeba saruji.

Basi nikanunua waya unaochomekwa kwenye tundu lililo chini ya usukani, nikashusha programu za bure, mojawapo RomRaider, nikaanza. Anayetaka kuanza kazi hii atashangaa kwamba mwanzo wake karibu wote ni kusoma. Kwanza unanakili faili la kiwandani na kulihifadhi mahali pawili, kabla hujagusa hata tarakimu moja. Halafu unaendesha siku kadhaa bila kubadili kitu, laptopu ikirekodi mizunguko ya injini, presha ya turbo, muda wa cheche, hewa na mafuta. Hewa gramu 14.7 kwa gramu 1 ya petroli ndiyo mizani ya kuungua kikamilifu. Turbo ikisukuma kwa nguvu unataka mafuta zaidi, hewa iwe 11 hivi kwa 1, ili silinda ipoe. Siku ya kuandika faili jipya unaweka chaja kwenye betri, kwa sababu umeme ukikatika katikati, kontroli boksi inaweza kufa palepale. Na unabadili kidogo, sehemu moja tu, kisha unarudi kurekodi.

Kazi yangu ya mchana ni kuhariri habari. Nilipoyafungua majedwali yale ya namba nilihisi kama nimepewa mswada wa mtu mwenye akili kuliko mimi. Baada ya siku kumi za kurekodi, nilirudisha cheche nyuma nyuzi mbili, kwenye visanduku vichache tu ambako injini ilikuwa inagonga. Kompyuta ikaacha kuogopa kila mahali. Gari likawa jepesi, nami nikatembea kifua mbele kwa wiki nzima.

Nilikuwa na haki? Kuhusu hilo sina wasiwasi. Kule Marekani kampuni ya matrekta ya John Deere iliwahi kudai mbele ya ofisi ya hakimiliki kwamba mkulima, kwa upande wa programu iliyomo kwenye trekta, anapata leseni tu ya kuitumia. Oktoba 2015 wenye magari na matrekta wakapewa ruhusa ya kuvunja kufuli za programu ili kuyatengeneza na kuyarekebisha kihalali. Mimi niko na mkulima. Kitu nilichokilipia, kisichoijua petroli ya nchi yangu, nina haki ya kukifundisha.

Ila taa ni kesi nyingine. Aliyelimiliki gari kabla yangu alilipeleka gereji fulani, wakatoa masega ya ekzosi. Masega yana madini kama platinamu, ndiyo maana yanauzika, na kazi yake ni kupunguza sumu ya moshi kabla haujatoka nje. Yakiondolewa, taa inawaka na kompyuta inatoa kodi P0420: masega hayafanyi kazi. Hayafanyi kazi wapi, hayamo kabisa! Kuweka mapya ni gharama. Kwenye programu, kodi hiyo ni kisanduku kimoja chenye tiki. Nikaiondoa tiki. Haikuchukua dakika tano.

Hapo ndipo ninaponasa. Mwaka huo huo wa 2015 nilikuwa chumba cha habari ilipotoka kashfa ya Volkswagen: magari ya dizeli yapatayo milioni 11 yenye programu iliyotambua kwamba gari linapimwa, likajifanya safi, kisha likarudi barabarani na uchafu wake. Niliitafsiri habari ile kwa hasira. Sasa nikajitetea kwamba wao ni milioni 11 na mimi ni mmoja, tena hapa nani anapima?

Utetezi huo haunitoshi. Nilipogusa cheche nilibadili gari kwa kufuata lilichoniambia. Nilipozima taa, gari lilibaki vilevile, nikabadili tu linachoruhusiwa kusema. Shahidi niliyemsikiliza siku kumi kwa makini nilimziba mdomo aliposema jambo la kunigharimu. Nikifanya hivyo kazini nafukuzwa. Na kwenye foleni ya Ubungo, dereva wa bodaboda anayesimama nyuma ya ekzosi yangu hana laptopu wala tiki. Sumu yenyewe nyingi haionekani, hata kukohoa kwake hatajua amlaumu nani.

Jumamosi nikairudisha tiki. Jumatatu, baada ya safari kadhaa, taa ikawaka. Nikampigia yule jamaa, nikamweleza yote: masega, kodi, laptopu, na kwamba niko tayari kupunguza bei ili aweke mapya. Akanyamaza kidogo.

"Nimekuelewa, kaka. Bei tutaongea. Ila hiyo taa, kabla hujanikabidhi gari, si utanizimia?"