Nani Anakula Nyama? Kiasi na Haki Kwenye Sufuria Moja



Wapendwa vijana, kila nikiwa likizo huku Mkula kuna swali nakutana nalo sana: "Frateri, hivi Mkristo anayejali mazingira na uhai wa wanyama anatakiwa aache nyama?" Kabla sijajibu, mwingine anadakia: "Acha hizo bwana, nyama Mungu katupa tule!" Wote wawili wameshika kitu cha kweli, ila hakuna aliyeshika ukweli wote. Leo tulifikirie pamoja, taratibu.

Tuanze na Maandiko. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 1 aya ya 29, chakula cha kwanza ambacho Mungu anampa mwanadamu ni mimea na matunda. Nyama inakuja sura ya 9, baada ya gharika, tena ikiwa na mpaka wake: damu isiliwe. Danieli na wenzake walikaa siku 10 kwa mboga na maji, wakaonekana wana afya kuliko waliokula chakula cha mfalme. Na Bwana wetu mwenyewe, alipofufuka, alikula samaki mbele ya wanafunzi wake (Lk 24:42-43). Kwa hiyo kula nyama siyo dhambi. Lakini ruhusa siyo amri, wala siyo kibali cha kula bila kipimo. Katekisimu, namba 2418, inafundisha kwamba kuwatesa au kuwaua wanyama pasipo sababu ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu. Angalia vizuri: hadhi ya mwanadamu. Ninavyomtendea ng'ombe panaonekana mimi ni mtu wa namna gani.

Sasa kipimo ni kipi? Hapa falsafa inatusaidia. Aristotle, katika kitabu chake cha Maadili, anatoa mfano wa chakula. Tuseme mina 10 za chakula ni nyingi mno na mina 2 ni kidogo mno. Je, mwalimu wa mazoezi amwagize kila mtu ale 6? Hapana. Sita ni kidogo kwa Milo, yule mpiga mieleka maarufu, na ni nyingi kwa anayeanza mazoezi leo. Kiasi sahihi hakipatikani kwa kugawanya hesabu katikati. Ni kile kinachomfaa mtu huyu, katika hali yake hii. Mtakatifu Tomaso wa Akwino naye anafundisha kwamba fadhila ya kiasi ni akili kuongoza hamu, siyo kuiua.

Tuilete hoja hii kwetu. Mwaka 2019 jopo la wanasayansi, kupitia jarida la Lancet, lilipendekeza ulaji unaoweza kulisha watu bilioni 10 ifikapo 2050 bila kuiharibu dunia: nafaka, mboga, matunda na jamii ya kunde kwa wingi, na nyama nyekundu wastani wa gramu 14 kwa siku. Kwa wiki hiyo ni kama gramu 100. Kijana wa mjini anayemaliza nusu kilo ya nyama choma jioni moja amekula fungu la karibu wiki tano. Huyo akipunguza, hapotezi kitu. Moyo wake utamshukuru, na ardhi pia.

Lakini jopo hilohilo lilikiri kwamba wako watoto, hasa Afrika, ambao wanapata vyakula vya wanyama kidogo mno. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Sababu ni nyingi, ila mlo wa aina moja kila siku ni mojawapo. Vitamini B12 kwa asili tunaipata kwenye vyakula vya wanyama, na madini ya chuma ya nyama na samaki yanaingia mwilini kwa urahisi kuliko ya majani. Kwa mtoto wa namna hiyo, yai, kikombe cha maziwa au dagaa siyo anasa. Ukimhubiria aache nyama, umempa dawa ya mgonjwa mwingine.

Na hapa ndipo roho yangu inaposumbuka. Simiyu ni nchi ya ng'ombe. Jioni mifugo inarudi zizini, vumbi juu. Ndani ya nyumba hiyohiyo mtoto ameamka na michembe na analala na ugali na mlenda. Siudharau mlenda, wala nsansa ya karanga. Ni chakula kizuri na nimekulia humo. Naelewa pia kwamba ng'ombe ni benki, ni mahari, ni ada ya shule, ni tegemeo mvua ikigoma. Simwambii mzee achinje dume lake. Nauliza tu: maziwa yanaenda wapi? Mayai yote lazima yaende mnadani? Dengu na choroko tunalima wenyewe, mbona tunauza mpaka gunia la mwisho?

Na kuku akichinjwa, nani anakula nini? Kwenye nyumba nyingi paja na firigisi ni vya baba na mgeni. Watoto wanaambulia shingo na mchuzi. Mimi mwenyewe nikirudi nawekewa paja kwa sababu ni frateri. Kulikataa ni kumvunjia mama heshima. Kwa hiyo nalipokea kwa shukrani, kisha nawaita wadogo zangu tule sinia moja. Mama anaguna kidogo, halafu anaacha. Yaani pale kiasi changu kinageuka kuwa haki ya mwingine. Tomaso anasema haki ni kumpa kila mtu kilicho chake, na nyama ile mtoto anaihitaji kuliko mimi.

Kuhusu mazingira, wazee wetu Wasukuma walitutangulia. Walikuwa na ngitili: eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili majani yabaki kwa ajili ya kiangazi. Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, Bariadi ikiwa bado ndani ya mkoa huo, hekima hiyo ilifufuliwa, na mahali palipokuwa patupu miti ikaota tena. Mimi naiona ngitili kama mfungo wa ardhi: tunajinyima leo ili kesho kuwe na chakula. Kinyume chake ni dagaa wa Ziwa Victoria. Sehemu kubwa inasagwa kuwa chakula cha kuku, wakati wapo watoto wanaohitaji dagaa haohao sahani moja tu.

Kanisa linatudai kujinyima nyama siku za Ijumaa, au namna nyingine ya kujinyima kama Maaskofu wanavyoelekeza, kuanzia miaka 14. Ila ukiacha nyama ya ng'ombe halafu ukaagiza sato mkubwa wa kuchoma kwa bei mara mbili, sheria umeitimiza, mfungo bado. Ijumaa hii fanya hivi: kula kande au ugali kwa choroko, kisha ile pesa ya nyama nunua mayai, uyapeleke kwenye nyumba yenye mtoto mdogo au mama mjamzito. Na wewe ambaye nyama unaiona Krismasi na Pasaka tu, Kanisa halikudai ujinyime usichonacho. Ongea na wazazi kwa heshima: katika mavuno yajayo, debe moja la dengu libaki nyumbani.

Tusali: Ee Mungu uliyeumba mimea na wanyama, utupe njaa ya haki kuliko njaa ya tumbo. Utufundishe kushukuru, kupunguza na kugawana, ili asiwepo mdogo wetu anayebaki na mchuzi mtupu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.