Macho ya Jangwani

JUMANNE

Soma Hesabu 10:29–36. Wingu la Bwana lilikuwa juu ya kambi. Kwa nini basi Musa alimsihi Hobabu asirudi kwao?

Kutoka Mtwara mjini hadi Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, gari hufika. Kazi huanza baada ya kijiji. Njia ya Ruvula ni kilomita chache tu, lakini ni mchanga mtupu, na wengine hupita ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Hata gari linalovuta kwa magurudumu yote manne hukwama huko. Dereva akikanyaga mafuta kwa hasira, magurudumu huchimba na gari hulalia tumbo. Mzoefu hupunguza upepo wa matairi ili yatandazike juu ya mchanga, kisha hushika mwendo mmoja.

Lakini ufundi huo haumwambii bahari itarudi lini. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, yakichelewa dakika 50 hivi kila siku, na wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, hupanda juu zaidi. Anayeyajua hayo bila kitabu ni mvuvi wa Msimbati, asiye na gari, na ambaye huenda husali msikitini.

Hobabu naye alikuwa Mmidiani. Wako wafasiri wanaomlaumu Musa kwa kumtegemea, Maandiko hayamlaumu. Angalia mpangilio wa maombi yake. Kwanza alimwahidi Hobabu mema, naye akakataa. Ndipo akamwambia wanahitaji macho yake, kwa kuwa aliijua nyika ile. Jibu la pili halikuandikwa, ila Waamuzi 1:16 na 4:11 huonyesha ukoo wake ukikaa kati ya Israeli.

Kundi la uinjilisti linaloingia Ruvula na vipaza sauti na vitabu huja na ombi la kwanza tu: pokeeni mema yetu. Mzee wa pwani anaweza kulikataa kwa heshima zote. Akiulizwa kuhusu maji, atakaa chini na kueleza.

Jadilini: Ni jirani gani asiye wa imani yenu ambaye kanisa lenu limewahi kumwomba msaada? Kama hayupo, ni nini kimewazuia?