Kuondoa Risasi Kwenye Lehemu: Swali la Madhara

Lehemu ni mchanganyiko wa metali unaoyeyushwa ili kushikiza vijenzi vya kielektroniki kwenye bodi ya saketi. Kwa miongo mingi viwanda vilipendelea bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, kwa kuwa mchanganyiko huo huyeyuka kwenye nyuzi 183 tu za Selsiasi na kuganda mara moja, ukiacha kiungo safi. Tarehe 1 Julai 2006 agizo la Umoja wa Ulaya liitwalo RoHS lilianza kuzuia risasi katika vifaa vingi vya umeme vinavyouzwa huko. Viwanda vya nchi nyingine navyo vilifuata, kwani soko la Ulaya ni kubwa mno kupuuzwa. Wahandisi walilipokea agizo hilo kama tatizo la joto na metali. Chini yake lipo swali la maadili: je, ni haki kumwondolea mtu mmoja madhara kwa njia inayomletea mwingine madhara?

Fikihi ya Kiislamu ina kanuni za kupimia swali hilo. Zimekusanywa pia katika Majalla, sheria ya madai ya dola ya Uthmaniya iliyokamilika mwaka 1876. Kanuni moja huamuru madhara yaondolewe. Nyingine hukataza kuyaondoa kwa madhara yaliyo sawa nayo. Ya tatu huruhusu madhara mazito yaondolewe kwa yaliyo mepesi. Kwa hiyo haitoshi kuthibitisha kwamba risasi ni sumu. Lazima kinachoshika nafasi yake nacho kiwekwe kwenye mizani.

Upande wa risasi, ushahidi ni mzito. Risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua, na Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote kisicho na hatari. Katika mji wa Guiyu, kusini mwa China, wafanyakazi walikuwa wakizipasha moto bodi kuukuu juu ya majiko ya makaa ili lehemu iyeyuke na vijenzi ving'olewe. Watafiti waliopima damu za watoto wa mji huo walikuta risasi nyingi. Watoto hao hawakununua kompyuta zile, wala hakuna aliyewauliza.

Wapinzani wa agizo walisema kwamba lehemu ya elektroniki ilitumia chini ya asilimia 1 ya risasi yote duniani, ilhali sehemu kubwa kabisa imo katika betri. Hoja hiyo ina uzito. Huko Owino Uhuru, Mombasa, sumu iliyowafikia wakazi ilitoka katika kiwanda kilichoyeyusha betri za magari, na mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hata hivyo betri ni pande moja la risasi linaloweza kukusanywa lote, penye nia na usimamizi. Risasi ya lehemu imesambaa katika vitone visivyohesabika ndani ya mamilioni ya vifaa, na njia nyepesi ya kuizuia isifike jalalani ni kutoitia tangu mwanzo.

Mbadala uliotumika sana una bati asilimia 96.5, fedha 3 na shaba 0.5. Huyeyuka kati ya nyuzi 217 na 220, kwa hiyo tanuri hutumia nishati zaidi, matabaka ya bodi huweza kuachana, na unyevu uliojificha ndani ya kijenzi hugeuka mvuke na kukipasua. Hayo ni gharama, na gharama hulipika. Nywele za bati ni jambo zito zaidi. Miguu ya vijenzi ikipakwa bati tupu, huweza kujiotea nyuzi nyembamba za metali, hata baada ya miaka, zikagusana na kusababisha shoti. Risasi kidogo ndani ya bati hupunguza sana hali hiyo. Hatari hiyo ilijulikana kabla ya agizo: mwaka 1986 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya nywele hizo kuharibu vifaa vya kudhibiti mapigo ya moyo.

Ndiyo maana vifaa vingi vya tiba vilisubiri hadi Julai 2014; zana za kijeshi na za anga za juu nazo ziliachwa nje ya agizo. Misamaha mingine ina muda maalumu na huombwa upya. Utaratibu huo ni wa haki, nao unapatana na kanuni kwamba kilichoruhusiwa kwa dharura hukadiriwa kwa kiasi cha dharura hiyo.

Mizani haikuishia hapo, ingawa mjadala wa Ulaya ulielekea kuishia hapo. Kwa uzito uleule, lehemu mpya inahitaji bati zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya zamani. Sehemu ya bati hilo hutoka mashariki mwa Kongo, miongoni mwa watu wanaozungumza Kiswahili. Katika mgodi wa Bisie, wilayani Walikale, kasiteriti, yaani mawe yenye bati, ilichimbwa kwa mikono na kubebwa mgongoni kupita msituni, huku wenye bunduki wakitoza ushuru. Madhara ya mchimbaji hayakuletwa na agizo la 2006, lakini mahitaji yaliyoongezeka yanamhusu moja kwa moja. Kuacha risasi kulikuwa sahihi. Kumwacha yeye nje ya hesabu hakukuwa sahihi.

Majalla ina kanuni nyingine inayofaa hapa: hasara humfuata mwenye kupata faida. Mwaka 2010 kifungu cha 1502 cha sheria ya Dodd-Frank kilizitaka kampuni zilizosajiliwa katika masoko ya hisa ya Marekani kueleza iwapo bati lao limetoka Kongo au nchi jirani. Wanunuzi wengi waliona ni rahisi kuliacha eneo zima kuliko kufuatilia kila gunia. Kipato cha wachimbaji kikaanguka, hata mahali ambapo hapakuwa na mwenye bunduki. Kanuni inawataka wanunuzi kinyume chake: waendelee kununua, na gharama ya kuufuatilia mzigo tangu shimoni waibebe wao.