Masizi ya Mbali, Masizi ya Jikoni

Mwaka wa 2023, wanasayansi wakitumia darubini ya James Webb walitangaza kuona alama za molekuli zinazofanana na masizi katika galaksi SPT0418-47, zaidi ya miaka-nuru bilioni 12 kutoka hapa. Zinaitwa PAH: pete za kaboni zilizoshikana kama sega la nyuki, na hidrojeni pembeni. Mwanga wa nyota ukizipiga zinatetema na kutoa mionzi ya infraredi, ambayo macho yetu hayaioni. Wanaastronomia huziita molekuli za kikaboni, na hapo wengi wetu hurukia uhai. Pole pole. Kwa mwanakemia jina hilo linahusu kaboni, iwe ndani ya kiumbe au la.

Sasa, familia hiyohiyo ya molekuli iko kwenye moshi wa kuni. Eldoret ni jiji tangu 2024, lakini ingia jikoni fulani kule Langas saa moja jioni, uangalie dari. Mmoja wa familia hiyo, benzopairini, unajulikana kusababisha saratani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka wa 2020.

Kuna msee atauliza: zile dola bilioni 10 za Webb si zingenunua majiko? Swali lina uchungu wake, ila naliona dhaifu. Webb isingejengwa, nani alikuwa ameahidi kuleta pesa hizo Langas?

Kinachonisumbua ni kingine. Masizi ya galaksi yalipata wataalamu na nafasi katika jarida la Nature. Mama anayekohoa akisonga ugali anaambiwa ni moshi tu, atazoea. Tunajisifu kwamba kaboni yetu ilitoka kwenye nyota, na ni kweli, lakini undugu huo hautudai kitu. Nyota haiumwi tusipoiangalia. Huyu mama anaumwa, na tunachomfanyia hatuwezi kusema hatukukijua, maana molekuli tumeshaipa hadi jina.

Utasema gesi ni bei. Ni kweli, lakini bei haishuki kutoka mbinguni. Julai 2021 gesi ya kupikia Kenya iliwekewa VAT ya asilimia 16. Mwaka wa 2022 ikapunguzwa hadi 8, na 2023 ikaondolewa. Webb ilirushwa Desemba 2021, mtungi ukiwa bado na ile 16.